Habari za Paul Gerhardt, Mtunga Nyimbo

Nyimbo za Paul Gerhardt huimbwa katika makanisa ya Kilutheri wakati wa Mateso na penye mazishi, lakini wengi waziimbao hawajui alikuwa mtu gani. Tumeona vema kueleza habari zake kidogo, hasa jinsi mauti ilivyoingia nyumbani mwake, naye akaipokeaje.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, si mbali na Wittenberg, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikufa mwaka 1619, na mama yake mwaka 1621. Basi kabla hajatimiza miaka 15 alikuwa yatima. Vita vya miaka 30 vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwaka 1637 askari wa Uswidi waliuteketeza mji wa kwao, na mwaka uo huo ndugu yake alikufa kwa tauni. Yeye mwenyewe alisoma elimu ya dini Wittenberg, lakini alikaa miaka mingi bila kupewa usharika. Hata alipofika Berlin alikaa katika nyumba ya wakili mmoja, jina lake Berthold. Huko Johann Crüger, mkuu wa waimbaji wa kanisa la Nikolai, alizipenda tungo zake, akatia 18 katika kitabu chake cha nyimbo cha mwaka 1647.

Hapa twataka msomaji aangalie sana. Mwaka 1650 mchungaji mmoja wa Berlin alifiwa na mwanawe. Gerhardt akamtungia shairi la msiba, naye akalitunga kana kwamba ni baba yule asemaye. Baba katika shairi hayafichi machozi, wala hajifanyi mtu wa jiwe. Humtafuta mtoto nyumbani asimwone, kisha humwacha mikononi mwa Mungu. Lakini mwenye kutunga hayo alikuwa bado hajaoa, wala hana mtoto. Ni rahisi kumfariji mwenzio kwa hasara usiyoijua.

Mwaka 1651 alibarikiwa kuwa mchungaji wa Mittenwalde, na mwaka 1655 akamwoa Anna Maria, binti wa Berthold yule. Mwezi wa Mei 1656 wakazaliwa binti wa kwanza, Maria Elisabeth. Mwaka uo huo ulitolewa wimbo wake wa Mateso unaokitazama kichwa cha Bwana chini ya taji ya miiba. (Sauti yake kwanza ilikuwa ya wimbo wa mapenzi, uliotolewa na Hans Leo Hassler mwaka 1601, kanisa halikuona haya kuichukua.) Beti zake za mwisho ni maombi ya mtu anayekaribia kufa. Bach alipotengeneza Mateso ya Matayo, yaliyoimbwa Leipzig mwaka 1727, aliuweka ubeti mmoja katika hizo mara tu baada ya Bwana kukata roho.

Basi tarehe 14 Januari 1657 Maria Elisabeth akafa, hajatimiza miezi minane. Wazazi wake waliweka kibao kanisani, wakaliita kaburi lake kitanda kidogo cha kupumzikia, nao wakachagua Mwanzo 47, pale Yakobo amwambiapo Farao habari za siku zake chache na mbaya. Hawakutafuta neno tamu zaidi. Katika watoto watano waliozaa, wanne walikufa wangali wadogo.

Mwaka 1657 alirudi Berlin, kanisa la Nikolai. Mwaka 1664 mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, aliwakataza wahubiri wa Kilutheri na wa Kireformati kutukanana mimbarani, akawataka watie sahihi. Gerhardt hakuwa mtu wa matukano, lakini aliona sahihi ile itamfunga asiyashike maungamo ya kanisa lake. Akakataa, akaondolewa kazini mwaka 1666. Mwaka 1667 aliruhusiwa kurudi, lakini dhamiri haikumpa nafasi. Wengine humwita mkaidi. Sisi twaona kwamba gharama aliilipa mwenyewe. Mwezi wa Machi 1668 mkewe naye akafa, akabaki na mtoto mmoja, Paul Friedrich, asiyetimia hata miaka sita.

Mwaka 1669 alikwenda kutumika Lübben. Nyimbo zake karibu zote zilikuwa zimekwisha kutungwa. Alipoona mwisho wake u karibu alimwandikia mwanawe wosia. Humo amshukuru Mungu kwa wema wote tangu tumboni mwa mama yake. Kisha amwagiza kijana asome elimu ya dini, awatendee watu mema hata wasipoweza kumlipa, na akimbie tamaa ya fedha. Habari za makaburi yale matano hazimfanyi aone uchungu juu ya Mungu. Akafa tarehe 27 Mei 1676, na husimuliwa kwamba alikuwa akisema ubeti wa wimbo wake mwenyewe. Katika kanisa la Lübben iliwekwa picha yake, na chini yake maneno ya Kilatini yamwitayo mwalimu aliyepepetwa katika ungo wa Shetani, kama Bwana alivyomwonya Simoni katika Luka 22.