Yakobo Chuma, Aliyesamehewa

Sisi tukaao kando ya Tanganyika twamkumbuka Livingstone kwa ajili ya Ujiji, lakini Yakobo Chuma twamsahau. Huyu alikuwa Myao, aliyetiwa utumwani angali mtoto; mwaka 1861 Livingstone na wamisionari wakamfungua. Mwaka 1865 akabatizwa Bombay.

Mwaka 1868 Chuma na wenzake, wakiisha kuchoka na safari, walikataa kumfuata bwana wao mpaka ziwa Bangweulu. Livingstone aliporudi hakuwafukuza. Alizikumbuka kasoro zake mwenyewe, akawapokea tena. Mwaka 1869 akafika Ujiji mgonjwa sana, akichukuliwa machelani.

Alipokufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mpaka Bagamoyo, zaidi ya maili 1,000. Baadhi yao walifia njiani. Chuma naye alifariki Unguja mwaka 1882.

Basi, twajifunza nini? Waliosamehewa ndio waliobeba. Nasi yatupasa kupendana, kwa maana sote tulimwacha Bwana, naye akatupokea. Kama yuko ndugu usharikani aliyetuacha njiani, tumpokee leo. Huenda ndiye atakayetubeba kesho.