Roberto Burle Marx: Aliyeyapa heshima maua ya porini

Katika miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya mjini hadi Makongolosi wilayani Chunya, anayetaka kupendezesha ua wake hutafuta jakaranda au bugenvilia. Mimea yote miwili asili yake ni Amerika Kusini. Miyombo iliyokuwapo kiwanjani huwa imeshakatwa. Katika makala hii tunamwangazia mtu wa huko huko Amerika Kusini ambaye maisha yake yote alipambana na tabia kama hiyo kwao.

Roberto Burle Marx alizaliwa São Paulo, Brazili, Agosti 4, 1909. Baba yake alikuwa Mjerumani, mfanyabiashara wa ngozi. Mama yake alikuwa Mbrazili, mpiga piano aliyependa maua. Mwaka 1913 familia ilihamia Rio de Janeiro.

Mwaka 1928 walisafiri kwenda Ujerumani. Huko Berlin, kijana Roberto alitembelea bustani ya mimea ya Dahlem. Ndani ya nyumba za vioo zilizopashwa joto alikuta mimea ya Brazili ikitunzwa kama lulu. Nyumbani kwao mimea hiyo ilihesabiwa kuwa magugu, na wenye uwezo walipanda maua ya Ulaya. Hata sisi yametukuta: ua la milima ya Usambara lilipelekwa Ujerumani miaka ya 1890, na leo hupamba madirisha ya nyumba nyingi za ng'ambo kuliko za hapa kwetu.

Aliporudi Rio alisomea uchoraji, na mwaka 1932 akabuni bustani yake ya kwanza, ya nyumba ya mtu binafsi. Miaka miwili baadaye alipewa usimamizi wa bustani za mji wa Recife. Katika uwanja mmoja wa mji huo alipanda dungusi kakati, mimea ya nyika kavu ya Brazili, mahali ambapo watu walizoea kuona waridi.

Lakini Burle Marx hakuishia kwenye mimea. Alijua kuwa maua hunyauka na rangi ya ukutani huchujuka kwa jua na mvua, ila kigae kilichochomwa tanuruni hudumu. Wareno walikuwa wamepeleka Brazili ufundi wa vigae vya buluu na vyeupe, naye akautumia kwa michoro ya kisasa. Katika nyumba ya familia ya Moreira Salles, Rio, alibuni ukuta wa vigae kando ya bwawa, wenye picha ya wanawake wakifua nguo. Wazo la kupamba nje kwa kauri si geni pwani yetu: makaburi ya kale ya Kaole na Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China.

Kazi yake inayokanyagwa na wengi ni njia ya waenda kwa miguu ya Copacabana, ya mwaka 1970: takribani kilomita 4 za mawe meusi, meupe na mekundu yaliyopangwa kama mchoro mmoja.

Mwaka 1949 yeye na ndugu yake walinunua shamba nje ya Rio. Humo alikusanya zaidi ya aina 3,500 za mimea, mingine akiitoa kwenye misitu iliyokuwa ikifyekwa. Wakati wa utawala wa kijeshi alikuwa mjumbe wa baraza la taifa la utamaduni, na humo alikemea waziwazi uchomaji wa misitu.

Shamba hilo alilikabidhi kwa serikali mwaka 1985. Alifariki dunia Juni 4, 1994, akiwa na miaka 84. Mwaka 2021 UNESCO ililitangaza kuwa Urithi wa Dunia.

Sisi tunao wafinyanzi wa Kikisi, ambao vyungu vyao huuzwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Tunayo maua ya Kitulo, na misitu ya miyombo ya Chunya ambayo bado inakatwa. Kabla ya kusafisha kiwanja, tutazame kwanza kilichoota humo.