Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20.

Alipoteza jicho moja akiwa na miaka 11, lakini hilo halikumzuia kushika kisu. Alifika Lira mwaka 1946, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alianza kufuatilia watoto wenye uvimbe wa taya. Saratani hiyo, aliyoieleza mwaka 1958, leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 hivi, kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitalini ugonjwa huo unaonekana wapi.

Upasuaji haukuwafaa watoto hao. Burkitt akatumia dawa, zikiwemo methotreksati na siklofosfamidi, na baadhi yao walipona kabisa, jambo la nadra wakati ule.

Hatari ya dawa hizo kwa wanaozishika ilionekana baadaye. Mwaka 1979 watafiti wa Finland waligundua kwamba mkojo wa wauguzi walioshughulika na dawa za saratani ulibadilisha jeni za bakteria kuliko kawaida. Siklofosfamidi, iliyookoa watoto wa Mulago, yenyewe inaweza kusababisha saratani. Kwa sababu hiyo, katika baadhi ya nchi hupimwa kwenye mkojo wa wahudumu na juu ya meza za kuchanganyia dawa, hata pale wanapovaa glavu.