Horatio Spafford, Aliyetuandikia Salama Rohoni

Kuna wimbo mmoja ambao haujapata kutoka katika faili za kwaya yetu. Ni ule ambao wengi huuita Salama Rohoni. Familia zilizofiwa hutuomba tuuimbe kuliko mwingine wowote, na sauti ya besi huungojea kwa hamu kwa sababu ya kiitikio, pale wanaume wanapowajibu wanawake. Kwa kuwa tuko katika yubilei, tumeona vyema tueleze maisha ya mtu aliyeuandika. Habari ya meli wengi wetu tumeisikia mimbarani. Yaliyomfika baada ya meli hayasimuliwi sana, na kwetu sisi ndiyo sehemu ngumu zaidi ya maisha yake.

Horatio Gates Spafford alizaliwa mwaka wa 1828 katika jimbo la New York, Marekani. Alikuwa wakili mjini Chicago, mzee wa kanisa la Kipresbiteri, na rafiki wa mhubiri Dwight Moody. Mwaka wa 1861 alimwoa Anna, mzaliwa wa Norway, wakajaliwa mabinti wanne: Annie, Maggie, Bessie na Tanetta. Alikuwa ametia fedha nyingi katika viwanja vya mji. Oktoba 1871 moto mkubwa ukaiteketeza Chicago na hasara yake ikawa kubwa. Mali tunaipita haraka, maana hata yeye hakuililia kama alivyolilia kilichofuata.

Novemba 1873 jamaa yote ilikuwa isafiri kwenda Ulaya. Shughuli za biashara zikamzuia Spafford, akawatanguliza mkewe na wasichana katika meli iliyoitwa Ville du Havre. Usiku wa kuamkia tarehe 22, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli hiyo iligongana na meli ya matanga iitwayo Loch Earn. Ilizama kwa muda wa dakika 12 hivi. Watu 226 walikufa. Anna aliokotwa akiwa amezimia, akielea juu ya ubao. Wasichana wote wanne walikwenda na maji, na yule mdogo kabisa alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu. Anna alipofikishwa Cardiff, huko Wales, alimpelekea mumewe telegramu fupi ya kumjulisha kwamba amebaki peke yake.

Spafford alipanda meli kumfuata. Bertha, binti aliyezaliwa miaka kadhaa baadaye, alisimulia kwamba nahodha alimwonyesha baba yake mahali walipokadiria kuwa msiba ulitokea, na kwamba maneno ya wimbo yaliandikwa katika safari hiyo. Philip Bliss ndiye aliyeutungia sauti, na sauti hiyo akaipa jina la meli iliyozama. Ulichapishwa mwaka wa 1876. Kabla mwaka huo haujaisha, Bliss mwenyewe na mkewe walikufa katika ajali ya garimoshi, daraja lilipovunjika huko Ashtabula, Ohio.

Tungependa kusema kwamba baada ya hapo Spafford alikaa kwa amani. Haikuwa hivyo. Mungu aliwapa mtoto wa kiume mwaka wa 1875, kisha Bertha mwaka wa 1878. Mwaka wa 1880 yule mvulana alishikwa na homa ya vipele vyekundu akafa, umri wake miaka minne tu. Watoto watano sasa. Na hapo ndipo watu wa kanisa lake, watu waliokuwa wakimwita mzee, walipoanza kuulizana ni dhambi gani iliyotendeka katika nyumba ile hata Mungu aipige namna hiyo.

Tafadhali tusiwacheke. Sisi wanakwaya tumeimba kwenye matanga mengi, na tukisubiri zamu yetu chini ya hema tumeyasikia maneno hayohayo yakinong'onwa viti vya nyuma. Mjane fulani hakutoa zaka. Kijana yule alikosana na babake. Marafiki wa Ayubu hawajaisha duniani, na wanafunzi wa Yesu nao waliuliza vivyo hivyo walipomwona yule kipofu tangu kuzaliwa, ingawa tunajua Bwana aliwajibu nini. Spafford alikuwa amepoteza watoto watano, na sasa alitakiwa pia akubali kwamba yeye na mkewe ndio waliowaua kwa makosa yao. Alikataa. Aliamini kwamba Baba anayejua maumivu ya kufiwa na Mwana haadhibu kwa kuua watoto.

Fikira zake zilikwenda mbali zaidi, hata akaacha kuamini adhabu ya moto wa milele, na hapo yeye na kanisa lake wakaachana. Sisi hatumfuati katika hilo. Wala hatumfanyi malaika: aliacha madeni Chicago, na madeni ni madeni hata kwa mtunzi wa nyimbo za Mungu. Lakini kuhusu maumivu ya watu wasio na hatia tunaona alisema kweli, na alilipa gharama yake.

Agosti 1881, yeye na Anna, pamoja na Bertha, mtoto mchanga Grace na kikundi kidogo cha marafiki, walisafiri kwenda Yerusalemu. Walipata nyumba ndani ya ukuta wa mji mkongwe, karibu na Lango la Dameski, wakaishi kwa shirika, wakitembelea wagonjwa na kulisha wenye njaa. Mwaka wa 1882 Wayahudi maskini kutoka Yemen walipofika bila makao, watu wa nyumba hiyo waliwasaidia. Majirani Waislamu walipokelewa vilevile. Spafford alikufa Oktoba 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka 60. Alikufa kwa malaria, ugonjwa ambao sisi hatuhitaji kuelezwa.

Anna aliendelea na kazi hadi alipofariki mwaka wa 1923. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza waliendesha jiko la kuwalisha wenye njaa na kuwauguza majeruhi wa pande zote mbili.

Kisha mkesha wa Krismasi wa 1925, Bertha alikuwa njiani kwenda Bethlehemu kuimba nyimbo za Noeli. Alikutana na mwanamume aliyemleta mkewe mgonjwa sana juu ya punda, pamoja na mtoto mchanga. Bertha aliacha safari yake kwanza akamtafutia mama yule kitanda hospitalini. Usiku uleule mama akafa. Asubuhi yake baba alimletea Bertha kile kitoto akimsihi akilee, kwa kuwa kijijini kwao kisingepona. Alimpokea. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wameletwa wengine wawili, na nyumba ile ya ukutani ikageuka kuwa makao ya watoto wachanga, yakapewa jina la Anna Spafford. Baadaye ikawa hospitali ya watoto. Hata leo nyumba hiyohiyo ni kituo cha watoto chenye jina la Spafford, na akina mama wa Yerusalemu bado huwapeleka watoto wao pale kutibiwa.