Guttmann: Daktari aliyefanya michezo kuwa tiba

MCHUMA miraa akianguka kutoka mtini huko Igembe, Meru, au mwendeshaji bodaboda akigongwa barabarani Embu, anaweza kuvunjika uti wa mgongo na kupooza miguu. Zamani jeraha hilo lilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo. Miongoni mwa waliokataa kuikubali alikuwa Ludwig Guttmann, daktari wa mishipa ya fahamu aliyezaliwa Ujerumani mnamo Julai 3, 1899.

Mwaka 1917, akihudumu hospitalini kwa kujitolea, alimshuhudia mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo akifariki baada ya majuma machache kutokana na maambukizi.

Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka 1933, Guttmann, aliyekuwa Myahudi, alizuiwa kuwatibu wasio Wayahudi. Mnamo Novemba 1938, Wayahudi waliposhambuliwa, aliagiza hospitali yake mjini Breslau impokee kila aliyekimbilia humo, na watu wapatao 60 wakaepuka kukamatwa. Mwaka 1939 alihamia Uingereza pamoja na familia yake.

Februari 1944 alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wasipate vidonda vya kulalia. Kisha akawaingiza michezoni. Hakukusudia burudani tu: mikono na kifua vikipata nguvu, mgonjwa hujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu.

Julai 29, 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale. Kufikia 1960, mjini Roma, washiriki walikuwa 400. Unyanyuaji uzani ulianzishwa Tokyo mwaka 1964, kwa wanaume pekee. Wanawake walisubiri hadi Sydney, mwaka 2000. Kenya ilishiriki Michezo ya Walemavu kwa mara ya kwanza mwaka 1972 mjini Heidelberg.

Guttmann alifariki Machi 18, 1980. Miaka 42 baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Mkenya Hellen Wawira alilala kwenye benchi, akashusha chuma kifuani, akakisukuma juu na kutwaa medali ya shaba.

Medali, hata hivyo, huja mwisho. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, safari ndefu kutoka Meru na Embu. Kabla mgonjwa hajaifikia, uhai wake huwa mikononi mwa atakayekumbuka kumgeuza.