Magnus Hirschfeld, daktari aliyewatafutia transjenda karatasi ya polisi

KINDU – Mtu anayetoka Alunguli, akavuka Lualaba kwa mtumbwi hadi Kasuku na kusimamishwa njiani, huombwa karte ya uchaguzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa pia kitambulisho cha Mkongomani. Askari husoma jina, huangalia herufi M au F, halafu huinua macho amtazame mwenye karte. Kwa wengi mambo huisha hapo. Kwa mtu transjenda, yaani yule ambaye maisha yake hayalingani na jinsia iliyoandikwa alipozaliwa, hapo ndipo maswali huanza. Asiyejihesabu kuwa mwanaume wala mwanamke hana hata herufi yake.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, karatasi kama hiyo ilimshughulisha daktari mmoja wa Berlin, mji uleule ambamo mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalimaliza mkutano wa kugawana Afrika, na Kongo ikabaki mikononi mwa Leopold II.

Magnus Hirschfeld alizaliwa tarehe 14 Mei 1868 katika mji wa Kolberg, ambao leo uko Poland. Alikuwa Myahudi, na baba yake pia alikuwa daktari. Hakuanza na transjenda. Kijana mmoja mwanajeshi aliyekuwa akitibiwa naye alijiua usiku wa kuamkia harusi yake, akamwachia barua iliyoeleza kwamba alipenda wanaume na hakuweza kuendelea kujificha. Mwaka 1897 Hirschfeld na wenzake waliunda kamati ya kupinga kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani, kilichowafunga wanaume wa namna hiyo.

Kadiri miaka ilivyopita, walifika kwake watu wengine ambao shida yao haikuwa mapenzi. Walikuwa wanaume kwa karatasi lakini waliishi kama wanawake, au kinyume chake. Mwaka 1910, wakati reli ya Kindu hadi Kongolo ikikaribia kumalizika, alitoa kitabu kizima juu yao na kueleza kwamba hawa ni kundi la peke yake.

Hapakuwa na sheria iliyokataza nguo zao. Polisi waliwakamata kwa kosa la kuvuruga utulivu, na hilo lilitosha. Mkaaji wa Kongo hatashangaa: hapa pia sheria haimtaji transjenda, lakini kifungu cha 176 cha sheria ya makosa ya jinai, kuhusu kuvunja adabu hadharani, kinatosha kumtia mtu hofu. Hirschfeld alikwenda kuzungumza na polisi wenyewe. Daktari aliandika cheti, na polisi wa Berlin, kabla ya vita vya 1914, wakaanza kutoa karatasi iliyosema kwamba mwenye nayo anajulikana kwa mavazi hayo. Haikubadilisha jinsia yake katika vitabu vya serikali. Ilimwezesha kutembea barabarani na kurudi nyumbani. Baadaye wengine waliruhusiwa kuchukua jina lisiloonyesha jinsia, kama Toni au Gert.

Julai 1919 alifungua taasisi yake katika jumba kubwa la Berlin. Ilikuwa na zahanati, maktaba, ukumbi wa mafunzo na ushauri wa ndoa, na maskini hawakulipa. Transjenda walipokosa kazi mjini, aliwaajiri baadhi yao humo ndani kama watumishi wa nyumba. Mmoja wao alikuwa Dora Richter, mtoto wa wakulima, aliyewahi kukamatwa kwa sababu ya mavazi yake. Mwaka 1931 alikamilisha upasuaji wa kubadili mwili uliofanywa na madaktari wa taasisi na wenzao, mmoja wa watu wa kwanza duniani kufanyiwa hivyo.

Hirschfeld hakuwa malaika. Aliunga mkono baadhi ya mawazo ya wakati wake kuhusu nani anafaa kuzaa na nani asizae, mawazo ambayo Wanazi waliyageuza kuwa silaha. Yeye mwenyewe walimchukia mapema. Mwaka 1920 alipigwa mjini Munich hadi akadhaniwa amekufa, na magazeti yakatangaza kifo chake. Alizisoma habari hizo akiwa bado anauguza majeraha.

Mwishoni mwa 1930 aliondoka kwa safari ndefu ya kutoa mihadhara Marekani, Japani, China, India hadi Misri. Hakurudi tena Ujerumani. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Wanazi walivamia taasisi, wakaipora, na siku nne baadaye vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. Hirschfeld aliuona moto huo katika sinema mjini Paris. Alifariki Nice, kusini mwa Ufaransa, tarehe 14 Mei 1935, siku aliyotimiza miaka 67. Kifungu cha 175 kilikuja kufutwa kabisa mwaka 1994.

Kuhusu Dora Richter, kwa miaka mingi iliaminika kwamba aliuawa siku ile ya uvamizi. Watafiti waliofungua vitabu vya kanisa la kwao walikuta jambo jingine. Alirudi katika eneo alikozaliwa, ambalo wakati huo lilikuwa Czechoslovakia, na mwaka 1934 serikali ya huko ilimkubalia jina lake. Jina hilo liliandikwa kwenye rejista ya ubatizo. Alifariki Ujerumani mwaka 1966, akiwa na miaka 74.