A. V. Hill: Bwana Aliyeipima Pumzi

Huenda ukashangaa kwa nini siandiki habari za wanariadha wetu tuwajuao. Sababu ninayo. Muhula uliopita tulikimbia kwa dakika 12, kila mtu akaandikiwa umbali wake. Mimi nilipata mizunguko 6 tu, yaani mita 2,400. Kwa hesabu ya Kenneth Cooper, daktari wa Marekani aliyeeneza jaribio hilo mwaka wa 1968, hiyo ni kama 42: mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa dakika moja kwa kila kilo ya uzito. Bwenini wakanibandika jina, Arobaini na Mbili. Jamani, nusura niache mbio kabisa! Ndipo nikataka kujua nani aliyeanza kupima pumzi za watu.

Archibald Vivian Hill alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka wa 1886. Baba aliiacha familia Hill akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mama. Huko Cambridge alisoma hisabati, akafuzu vizuri sana, kisha akageukia elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Alipima joto dogo ajabu linalotoka katika misuli ya chura, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1922, pamoja na Mjerumani Otto Meyerhof.

Lakini chura hakumtosha. Hill alipenda kukimbia, basi akajifanya chura yeye mwenyewe! Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alijifunga mfuko mgongoni na kuzunguka kiwanja cha nyasi. Alivuta hewa ya kawaida, lakini ile aliyoitoa iliingia mfukoni kupitia mpira. Baadaye ilipimwa oksijeni iliyosalia, ikajulikana mwili umetumia kiasi gani. Kadiri alivyoongeza mwendo, oksijeni nayo iliongezeka. Ilipofika kama lita 4 kwa dakika, ikagoma. Hata akikaza mbio namna gani, haikupanda tena. Mwili ulikuwa umefika dari yake, na dari hiyo ndiyo inayopimwa hadi leo.

Je, mbio za kupita dari hutoka wapi? Ni za mkopo. Misuli hujikaza bila oksijeni ya kutosha, na mkimbiaji akisimama huhema akilipa. Hill aliliita deni la oksijeni. Wataalamu waliofuata wamerekebisha sehemu ya maelezo yake ya deni, lakini dari imebaki.

Hakuwa mtu wa maabara peke yake. Mwaka wa 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha baraza la kuwasaidia wasomi waliofukuzwa kazini na utawala wa Hitler. Kuanzia 1940 hadi 1945 alikuwa mbunge. Alifariki mwaka wa 1977, akiwa na umri wa miaka 90.

Sasa wenzangu, hebu tuelewane. Dari si nafasi yako katika mbio. Mwaka wa 1995 Bengt Saltin na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Dari za mabingwa wa pande zote mbili zilikaribiana, lakini Wakenya walitumia oksijeni kidogo kwa mwendo uleule. Ni kama matatu mbili zenye injini sawa, moja ikinywa petroli kidogo. Tena kuna anayeweza kukimbia karibu na dari yake kwa muda mrefu, na kuna anayechoka mapema. Na dari yenyewe huinuka kwa mazoezi.

Basi nilivaa viatu vyangu tena, kila alfajiri kabla ya uji. Muhula huu nimefikisha mizunguko sita na nusu. Bwenini wamenibadilishia jina: sasa mimi ni Arobaini na Saba, na bado naendelea.